Moshi wa Jikoni na Askari wa Mapafu



Mwezi wa Juni ukiingia, sisi wakazi wa Tukuyu hatuhitaji kuambiwa na mtu kwamba baridi imefika. Ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe, manyunyu hayakatiki, na kuni zilizoanikwa juzi hulowa tena. Jioni mama anawasha moto kati ya mafiga matatu, anabandika sufuria ya kande, kisha anafunga mlango ili joto lisipotee. Watoto wanasogea motoni. Mdogo kuliko wote yuko mgongoni mwa mama, na kichwa chake kiko hasa pale moshi unapopita kwenda darini. Anakohoa kidogo. Mama anafuta machozi kwa ncha ya kanga, anaendelea kukoroga.

Ukimwuliza mama huyo kama moshi haumdhuru mtoto, huenda akakujibu, "Mbona sisi sote tumelelewa humo humo?" Ni kweli. Lakini si wote waliolelewa humo waliofika utu uzima. Koo nyingi zina mtoto aliyezikwa kwa ugonjwa ambao wengine waliuita kichomi, wengine homa ya mapafu, na wengine wakamtafuta mchawi. Hospitalini huitwa nimonia.

Mwezi huu tunakualika uingie pamoja nasi ndani ya mapafu ya mtoto yule wa mgongoni, tuone mambo yanayotokea moshi unapokutana na vijidudu. Habari hii imechunguzwa sana katika miaka ya karibuni, kwa sababu viwanda vya dunia sasa hutengeneza chembe ndogo ajabu zinazoitwa chembe za nano, na wataalamu wanataka kujua chembe hizo zinaufanyia nini ulinzi wa mwili. Sisi huku, pasipo kiwanda wala mashine, tumekuwa tukizalisha chembe za ukubwa huo huo jikoni tangu enzi za mababu.

NDOGO KIASI GANI?

Chukua rula ya mtoto wa shule. Tazama milimita moja. Ikate vipande 1,000,000 vilivyo sawa: kila kipande ni nanomita moja. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa karibu nanomita 80,000 hadi 100,000. Bakteria anayesababisha nimonia mara nyingi kwa watoto, aitwaye nimokokasi, ana upana wa karibu nanomita 1,000. Chembe huitwa ya nano ikiwa chini ya nanomita 100. Kwa hiyo bakteria tunayemwona mdogo mno ni jitu akilinganishwa nayo.

Moshi wa kuni ni mchanganyiko wa hewa zenye sumu na chembe za masizi za ukubwa mbalimbali. Zile kubwa unaziona zikining'inia darini kama utando mweusi. Hizo hazitutishi sana, maana zikivutwa hunaswa na vinyweleo vya pua na ute wa koo, nawe unazitema au kuzipenga. Zinazotutisha ni zile usizoziona. Hizo hupita pua, hupita koo, hushuka hadi mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vidogo vya hewa. Mtu mzima ana vifuko hivyo mamilioni kwa mamia. Humo ndimo hewa safi huingia katika damu, na humo hakuna ute wala vinyweleo vya kufagia uchafu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, chembe hizi nyembamba za moshi zaweza kufikia mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5.

ASKARI WA KWANZA

Mungu hakuacha vifuko vile vya hewa bila mlinzi. Ndani yake hutembea chembe hai kubwa kuliko bakteria, zinazojongea polepole huku zikipapasa kila pembe. Wataalamu huziita makrofeji, yaani walaji wakubwa. Tuwaite askari wa doria. Makrofeji akikuta kitu kigeni humzungusha mikono, humfunika, humwingiza tumboni mwake na kummeng'enya kwa dawa kali alizo nazo.

Aliyetufumbulia jambo hili ni Ilya Mechnikov, mwanasayansi aliyezaliwa katika Dola ya Urusi. Mwaka 1882 akiwa mjini Messina, Italia, aliwachoma kwa miiba midogo watoto wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini ambaye mwili wa watoto wake huonekana ndani kama kioo. Kesho yake akatazama kwa hadubini, akakuta chembe hai zimeizunguka miiba kana kwamba zinataka kuila. Akatambua kwamba mwili una walinzi wanaomeza maadui. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Ulinzi huu tunazaliwa nao. Ni tofauti na ule unaojifunza kwa kuugua au kwa chanjo, ambao huchukua siku au majuma kujiandaa. Makrofeji hasubiri kufundishwa. Bakteria akitua leo, leo hii anashikwa. Wakiwa wachache anawamaliza kimya kimya, wala mtoto hajui kwamba alivamiwa. Wakiwa wengi anapiga baragumu, na askari wengine hutoka katika damu kuja kumsaidia. Vita ikishakuwa kubwa hivyo, vifuko vya hewa hujaa maji na usaha, mtoto akashindwa kupumua vizuri. Hiyo ndiyo nimonia. Kwa maneno mengine, nimonia nyingi zingeishia mlangoni kama askari wa kwanza angekuwa na mikono mitupu.

MSHIKA MAWILI MOJA HUMPONYOKA

Hapa ndipo masizi yanapoingia. Makrofeji hana macho ya kutofautisha chembe ya masizi na bakteria. Juu ya ngozi yake kuna vishikio, na baadhi ya vishikio hivyo hutumika kwa yote mawili: vumbi na bakteria. Mmoja wapo, unaoitwa MARCO, umechunguzwa sana katika maabara. Panya waliozaliwa bila kishikio hicho walishindwa kuwaondoa nimokokasi mapafuni kama wenzao walivyoweza.

Sasa fikiria askari ambaye tangu asubuhi amebebeshwa magunia. Mikono imejaa, tumbo limejaa. Bakteria ana protini na mafuta, humeng'enywa yakaisha. Masizi hayameng'enywi. Yanabaki tumboni mwa makrofeji siku nyingi, na kesho mama anawasha moto tena. Askari anakuwa mzito, dawa zake kali zinapungua nguvu, na wakati mwingine anapiga baragumu ovyo hata pasipo adui, pafu likavimba kwa ndani. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Katika pafu la mtoto, kinachoponyoka ni bakteria.

MAKROFEJI WEUSI WA BLANTYRE

Ushahidi wa jambo hili haukutoka mbali. Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela na kuvuka daraja la Mto Songwe pale Kasumulu, umeshafika Malawi. Wenzetu hao hupika kwa kuni na mkaa kama sisi. Mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi Blantyre walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu wazima wenye afya waliojitolea. Kwa mrija mwembamba waliosha sehemu ndogo ya pafu kwa maji ya chumvi, wakayavuta tena maji hayo, na kuwatazama makrofeji waliomo kwa hadubini.

Waliwakuta askari weusi kwa masizi. Waliopikiwa kwa kuni walikuwa na masizi mengi kuliko waliotumia mkaa, na wa mkaa kuliko waliotumia umeme. Jambo lililowashangaza wengi lilikuwa la taa: waliomulika kwa kibatari walikuwa na mzigo mkubwa kuliko waliotumia taa ya chemni, mshumaa au umeme. Kile kiutambi kidogo kinachowaka juu ya kopo, ambacho watoto wetu wamekisomea usiku miaka mingi, hutoa masizi membamba hasa.

Mwaka 2015 uchunguzi mwingine juu ya makrofeji wa binadamu na moshi wa majumbani ulionyesha kwamba kazi yao ya kumeza huvurugika, na kadiri dozi ya moshi inavyozidi ndivyo dalili za kuvimba kwa ndani zinavyoongezeka.

CHEMBE ZA KIWANDANI

Msomaji anaweza kuuliza: je, na zile chembe za nano zinazotengenezwa makusudi? Zimo tayari katika maisha yetu. Zimo katika baadhi ya rangi, mafuta ya kukinga ngozi na jua, bandeji zenye madini ya fedha za kuua vijidudu kwenye vidonda, na vifaa vya umeme.

Wataalamu wamezijaribu kwa wanyama. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walieleza jinsi panya waliowekewa mirija midogo mno ya kaboni mapafuni, kisha wakaambukizwa bakteria aitwaye listeria, walivyochelewa kuwaondoa bakteria hao kuliko panya wasiowekewa. Mwaka 2011 wengine walionyesha jambo linalofanana kwa chembe za shaba na bakteria aitwaye klebsiela. Kwa hiyo hoja ni ile ile ya jikoni: askari aliyejazwa chembe anapigana vibaya.

Lakini tusikimbilie kusema kila kilicho cha nano ni sumu. Lililo muhimu ni mambo matatu: chembe imeingilia wapi, ni nyingi kiasi gani, na je, mwili unaweza kuiyeyusha? Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna, ambazo ziliwahi kuzusha maneno mengi hata katika jumuiya zetu, zilifungwa ndani ya vitone vya mafuta vya ukubwa wa nano. Vitone hivyo huchomwa katika msuli na si kuvutwa mapafuni, dozi yake ni ndogo, na mwili huyavunja mafuta hayo. Makrofeji na wenzake wanapoviona huamka, na kuamka huko ndiko kunakosaidia mwili kujifunza. Huwezi kukilinganisha na masizi ya kila siku, miaka kumi na mitano mfululizo.

Mfano mwingine wa kujivunia ni wa hapa nchini. Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga na vitu vilivyotengenezwa kwa ufundi wa nano ili kuondoa vijidudu na madini mabaya. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Humo ufundi wa nano unamsaidia mwanadamu dhidi ya bakteria kabla hajamfikia. Kisu kile kile hukata mboga na kidole, yategemea kimeshikwaje.

VUMBI LA MACHIMBO

Kina baba na vijana nao wasikilize. Wako vijana wa Rungwe wanaokwenda Chunya kutafuta dhahabu, na zamani wazee wa kwetu walikwenda hadi migodi ya Afrika Kusini. Mawe ya dhahabu yana madini ya silika. Ukiyatoboa au kuyasaga makavu, hutoka vumbi jembamba sana. Vumbi la silika ni baya kuliko masizi: makrofeji akilimeza, linamtoboa tumbo na kumwua, naye akifa linamwagika na kumezwa na mwingine, ambaye naye hufa. Pafu hubaki na makovu magumu.

Na ni bakteria gani anayefaidi askari wakifa? Ni yule wa kifua kikuu, ambaye kwa kawaida hufungiwa ndani na makrofeji. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa wa vumbi la silika ana hatari ya kupata kifua kikuu mara kadhaa kuliko mwingine. Kijana, mwagia jiwe maji kabla ya kulitoboa au kulisaga. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii vumbi hilo jembamba. Na ukikohoa zaidi ya majuma 2, nenda ukapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

JE, JIKO JIPYA LATOSHA?

Hapa ni lazima tuwaambie ukweli wote, hata ule usiofurahisha. Ikiwa moshi unawachosha askari, basi tukiondoa moshi nimonia ingepaswa kupungua. Watafiti walilijaribu jambo hilo huko huko Malawi, katika wilaya ya Chikhwawa kusini na Karonga kaskazini, jirani zetu kabisa. Nusu ya vijiji vilipewa majiko yenye feni ndogo yanayochoma kuni kwa moshi mchache, nusu vikaendelea na mafiga. Watoto zaidi ya 10,000 walifuatiliwa. Matokeo yalipochapishwa Desemba 2016, nimonia ilikuwa sawa pande zote mbili. Kilichopungua ni watoto walioungua moto.

Mwaka 2024 yalitoka matokeo mengine, kutoka Guatemala, India, Peru na Rwanda. Safari hii familia zilipewa majiko ya gesi. Moshi nyumbani ulipungua sana, lakini nimonia kali ya watoto wachanga haikupungua. Kabla ya hapo, mwaka 2011, majiko yenye bomba la moshi huko Guatemala yalikuwa yameonyesha matumaini kidogo: nimonia iliyo kali zaidi ilipungua kwa karibu theluthi moja, ingawa kwa jumla tofauti haikuwa ya uhakika.

Je, maana yake moshi hauna neno? Hapana. Makrofeji weusi wa Blantyre hawasemi uongo, na moshi huo huo huleta pia magonjwa ya moyo, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Maana yake ni kwamba mtoto havuti moshi wa jiko la mama yake peke yake. Anavuta wa jirani, wa takataka zinazochomwa uani, wa sigara ya baba, wa kibatari. Tena nimonia haiji kwa mlango mmoja. Inaingia kwa utapiamlo, kwa kukosa chanjo, kwa virusi, kwa kuchelewa hospitali. Ukiziba tundu moja la panya na kuacha manne, usishangae mahindi yakiliwa.

TUFANYE NINI?

Basi tuzibe yote, kila mmoja kwa uwezo wake.

Kwanza, chanjo. Hii ndiyo ngao kubwa kuliko zote dhidi ya nimonia, na haina malipo. Tangu Januari 2013 watoto wa Tanzania wanapewa chanjo ya nimokokasi wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Tangu mwaka 2009 chanjo ya pamoja inayotolewa wiki hizo hizo ina kinga ya bakteria mwingine wa nimonia, aitwaye Hib. Chanjo humpa makrofeji msaada wa ajabu: mwili hutengeneza vitu vinavyomganda bakteria na kumtia alama, ili hata askari aliyechoka amtambue upesi na kummeza. Chanjo ya surua nayo isiachwe, kwa kuwa surua huacha mapafu wazi.

Pili, ziwa la mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, halafu chakula cha mchanganyiko. Rungwe tumejaliwa ndizi, maharage, maziwa, mboga na maparachichi. Ni aibu parachichi zuri kupakiwa kwenda nje huku mtoto wa nyumbani akipewa uji mtupu.

Tatu, mtoe mtoto katika moshi. Hili halihitaji fedha. Wakati wa kuwasha moto, moshi unapokuwa mwingi kuliko wakati wote, mtoto asiwe mgongoni. Abebwe na dada, na bibi, na baba. Ndiyo, na baba. Mkono wa mwanamume hauvunjiki kwa kumshika mtoto wake.

Nne, punguza moshi wenyewe. Kuni zikaushwe vizuri chini ya paa na zipasuliwe nyembamba. Kuni mbichi za mkaratusi hutoa moshi maradufu na kukupa joto nusu. Loweka maharage na mahindi ya kande usiku kucha, yataiva upesi. Funika sufuria. Toboa dirisha la pili mkabala na lile la kwanza ili hewa ipite. Wako wanaoutaka moshi ili fukusi wasile mahindi darini. Hao tunawashauri wayahifadhi mahindi katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa, au wayatenge na jiko la kila siku.

Tano, anayeweza apige hatua zaidi. Familia yenye ng'ombe wawili wa kufungwa zizini ina samadi ya kutosha kuendesha mtambo mdogo wa gesi ya kinyesi, na mabaki yake ni mbolea nzuri kwa migomba. Mwenye umeme aulizie sufuria ya presha ya umeme, ambayo huivisha maharage kwa muda mfupi. Mwaka 2024 Serikali yetu ilitoa Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo hilo halitafikiwa na Dodoma peke yake. Vikundi vya WAWATA ambavyo tayari vina mfuko wa kuweka na kukopa vinaweza kununuliana mitungi ya gesi kwa zamu, kama vinavyonunuliana vyombo. UWAKA nao wachukue kazi ya kutoboa madirisha na kujenga mabomba ya moshi, nyumba kwa nyumba katika jumuiya, wakianza kwa wajane na wazee.

Sita, kibatari kistaafu. Taa ndogo ya sola inalipa gharama yake kwa mafuta ya taa usiyonunua.

Na onyo moja, hasa kwa baridi yetu ya Juni na Julai: usiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala kilichofungwa ili kupata joto. Mkaa hauonekani kutoa moshi, lakini hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Familia nzima inaweza kulala na isiamke.

MTOTO AKISHAUGUA

Hata tukifanya yote hayo, wapo watoto watakaougua. Hapo saa ni dawa. Kila mzazi ajue kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, tazama saa au simu, uhesabu tumbo linavyopanda kwa dakika 1 nzima. Anapumua haraka kuliko inavyotakiwa ikiwa:

Mtoto wa chini ya miezi 2 anafikisha pumzi 60 au zaidi.

Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anafikisha pumzi 50 au zaidi.

Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5 anafikisha pumzi 40 au zaidi.

Ukiona hivyo, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Nimonia inayowahiwa hutibika kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa katika maji. Lakini kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, ana degedege, au midomo imekuwa ya bluu, usingoje asubuhi. Huyo anahitaji hewa ya oksijeni na sindano. Kimbilia hospitali, iwe ya wilaya pale Makandana, iwe ya Kanisa letu Igogwe, iwe yoyote iliyo karibu nawe. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye dalili hata moja kati ya hizi apelekwe hospitali moja kwa moja.

Tafadhali msimchanje kifuani, msimng'oe kilimi wala meno, msimfukize kwa majani. Kumfukiza mtoto mwenye nimonia ni kumwongezea askari aliyechoka gunia jingine. Wala msigawane dawa zilizobaki za mtoto wa jirani. Na tusipoteze siku tatu kumtafuta aliyeroga. Bakteria hana ugomvi wa shamba na mtu.

NENO LA MWISHO

Uhai wa mtoto ni zawadi tuliyokabidhiwa, nayo imekuja na walinzi wake tayari ndani. Hatukuambiwa tuwatengeneze askari hao. Tumeombwa tu tusiwabebeshe mizigo isiyo yao.

Basi jioni ya leo, baba, kabla hujaketi kungoja chakula, nenda jikoni. Mwondoe mtoto mgongoni mwa mama yake, fungua mlango, mtoke naye nje kidogo mkiwa mmejifunika blanketi, mwangalie ukungu ukishuka kutoka Rungwe mpaka moto ukolee na moshi upungue. Dakika ishirini tu. Kwako ni kitu kidogo, lakini ndani ya kifua cha mtoto kuna askari atakayepata nafasi ya kutua mzigo.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.